Akordeo ya Mukono ya Kushoto

Tenke, tarehe 4 mwezi wa pili 1973

Kwa kaka yangu mukubwa, yaya Tshilombo, ku Dilala,

Mi mudogo yako Bilonda nakusalimia wewe, na mama ya batoto, na batoto bote, wakubwa na wadogo. Huku Tenke mvua inapiga kila siku, mahindi imesimama muzuri. Mutoto yetu wa mwisho ameota meno mbili na anauma kila mutu isipokuwa mama mukwe yangu. Pengine ana akili kupita sisi.

Yaya, nina neno. Unajua namna bagoni za treni zilimukata bwana yangu Henri bidole bitatu bya mukono ya kuume, mwaka uliopita, wakati alikuwa anaziunga mu mvua. Reli haikumufukuza, ilimuweka kulinda taa ku magazini, kazi ya usiku. Anarudi asubui, anakula, analala. Mutu mwenye alikuwa anapiga akordeo ku ndoa zote za Tenke, leo anaficha mukono chini ya meza. Anasema ni kitu ya kufanya batu batapike juu ya chakula. Akordeo yake alimupa kaka yake mukubwa Mbayo, akamuambia aende nayo mbali.

Nimesikia kama ku Kapata kuko muzee moja, Kisimba, mwenye anatengenezaka akordeo na mikono yake. Umuulize kama anaweza kutengeneza moja yenye bifungo bya wimbo biko upande ya kushoto. Ku mukono ya kuume Henri amebaki na kidole gumba na kile kidogo. Bile bibili binaweza kushika mukanda na kuvuta mufuko ya upepo, basi.

Usimuandikie yeye hata neno. Akijua mbele, atakataa. Mi sitafuti muziki, yaya. Nataka bwana yangu arudi mu nyumba. Huyu mwenye ninaye hapa ni mugeni anavaa biatu yake.

Mudogo yako,
Bilonda


Dilala, tarehe 27 mwezi wa pili 1973

Kwa Bilonda, mwenye anakumbukaka yaya yake paka siku ya shida,

Barua yako ilifika mu kitunga ya Mado, ule mama wa treni ya Tenke, katikati ya samaki yake ya kuuzisha. Mama ya batoto aliinusa mbele ya kunipa, akauliza ni mwanamuke gani wa ku mto ananiandikia. Sisi wote tuko wazima. Tumbo yangu iko muzima kupita mwenyewe, inafika ku kazi mbele yangu. Tangu baliniweka shefu ya biro, kazi yangu ni kukaa ku kiti moja yenye inalia sawa nguruwe nikigeuka. Basi nimejifunza kukaa bila kugeuka, na bakubwa banasema nimekuwa mutu wa kutulia.

Nilienda Kapata siku ya Mungu, nyuma ya misa. Nyumba ya Kisimba hauna lazima ya kuulizia, pua inakupeleka. Anachemusha kwato za mbuzi na mabaki ya ngozi mpaka inageuka uji ya rangi ya kahawa. Njo gundi yake. Mbele yangu aliingiza kijiti ndani ya chungu, akakilamba, akafunga macho sawa padri anaonja divai, akasema bado kidogo. Bilonda, nilikuwa nimevaa koti yangu mupya, abakosti. Nilitoka mbio, nikatapikia mu maua ya jirani. Jirani mwenyewe alikuwa anafua nguo. Hata hakuinua kichwa. Alisema, "Usisikie haya, tata. Hata padri alitapikia pale pale."

Muzee anajua kazi yake, na anajua kama anajua, njo ubaya yake. Mimi nilifikiri ni kugeuza tu sanduku, bifungo bya kuume biende kushoto. Alinicheka mbele ya kuku zake. Alisema ukigeuza vile, sauti nene itaenda mahali ya sauti nyembamba, na shemeki yangu atapiga ndoa sawa matanga. Anataka kuanza na mwanzo: sanduku, mufuko, na ndani yote, tule tulimi twa chuma twenye upepo inatikisa. Tulimi anakata mu springi ya saa ya zamani.

Sasa usikie yenye anaomba. Nilimutolea metre yangu ya biro. Akasema sentimetre ni ya batu ba kujenga choo. Yeye anataka uzi. Kila kidole uzi yake, na fundo ku kila kiungo, mikono yote mbili. Tena ipimwe wakati Henri amelala, juu mukono yenye inajua kama inapimwa inajikaza. Akishapata nyuzi njo atajua bifungo biachane namna gani.

Basi fanya. Umushonee akordeo sawa vile tayere anashona suruali.

Yaya yako mwenye tumbo tupu tangu ile siku,
Tshilombo


Tenke, tarehe 30 mwezi wa tatu 1973

Yaya Tshilombo,

Nakusalimia sana. Batoto bazima, mahindi tumevuna, mama mukwe amerudia kwake na magunia mbili. Pole juu ya abakosti.

Nyuzi ziko mu kale kamufuko ya sukari, Mado asikafungue. Nilipima muchana, wakati Henri alikuwa amelala nyuma ya kazi. Nilipima mara mbili, nyuzi zingine nimeweka mu sanduku yangu ya kushonea, juu ya Mado mwenye anapotezaka bitu. Wakati nilifika ku mahali bidole bilikatika, nilishika pumzi. Kidonda kimoja hakijakauka muzuri. Hakuamuka.

Mbayo alipita hapa juzi. Aliniuliza namna gani kaka yangu alifanywa shefu ya biro mu mwezi ule ule yenye ndugu yake alipoteza bidole. Nilicheka.

Bilonda


Dilala, tarehe 6 mwezi wa tano 1973

Mudogo yangu,

Usikasirike juu ya kuchelewa kwangu. Mutoto yangu wa pili alikuwa na malaria, sasa anakula tena, na mi nasikitika juu chakula ilikuwa inabaki. Mama ya batoto anakusalimia na anauliza kama ule mutoto yako angali anauma batu.

Kisimba alifunga mufuko ya kwanza ya karatasi ngumu na ngozi ya mbuzi, akaiacha nje ikauke. Panya zikaikula. Gundi yake, unajua, ni nyama. Anaanza ya pili. Nyuzi zako amezitundika ku musumari mbele ya macho yake, na akifanya kazi anasema nazo. Nilimukuta anaambia uzi ya kidole cha katikati kama ina kiburi. Nilikaa naye mpaka muchana nikiziba pua na kitambaa, akaniuliza kama nina mafua.

Juu ya Mbayo: ile maneno yake inanuka kupita gundi. Sisi batu ya Kasai tukipata kiti, basi tumekula mutu kwa uchawi. Umuambie kama bidole bitatu bilinipa paka kiti ya kulia sawa nguruwe. Kama ningetaka motokari, ningeomba mukono muzima.

Ucheke tena sawa vile ulicheka. Wapumbavu banaogopaka kuchekwa kuliko matusi.

Tshilombo


Tenke, tarehe 8 mwezi wa saba 1973

Yaya,

Salamu kwenu bote. Sisi tuko. Baridi ya asubui ni kali mwaka huu, batoto banakohoa kidogo.

Mama mukwe alikuya kutafuta sindano mu sanduku yangu ya kushonea, akakuta zile nyuzi zingine. Akaita Mbayo. Mbayo akashika mukono ya Henri akilala, akaweka uzi juu ya kidole, akaona fundo zinalingana na biungo. Balisema nimefunga mukono yake. Balisema bidole bitatu bimekwisha kuliwa, sasa namutumia kaka yangu kipimo ya byenye bimebaki. Nilibaeleza juu ya akordeo. Mbayo aliuliza nani amekwisha kuona akordeo inashonwa na uzi.

Batu balikaa, balisema, mambo ilikwisha. Mbayo anataka zile nyuzi zenye ziko kwa Kisimba zirudie hapa bazichome moto. Umupe Mado.

Akordeo ikikwisha, uniambie.

Bilonda


Dilala, tarehe 22 mwezi wa saba 1973

Bilonda,

Batoto bazima, mama ya batoto muzima. Salamu imekwisha pale.

Mado alikuya kuchukua nyuzi. Nilimupa kiti, nilimupa chai, nikamuuliza mambo ya Tenke ilikwisha namna gani. Aliangalia samaki yake. Nikasema basi nyuzi sitoi. Njo akafungua kinywa, na nyuma nikamupa nyuzi.

Anasema balikukalisha chini mu kiwanja, mu jua, mbele ya bandugu ya Henri. Mbayo alileta beseni. Baliosha mukono ya Henri ndani yake, na kile kidonda chenye hakikauki, na nyuzi zako zikatupwa mule mule, mpaka maji ikakuwa sawa maziwa yenye imeharibika. Mbayo akachota kikombe. Akasema kama hukufunga mukono ya ndugu yake, unywe, na usitapike, juu mwenye anatapika njo mwenye neno. Ukanywa yote. Mado anasema ulibakia pale mpaka kivuli ya nyumba ilikufikia, mikono ku magoti, unameza mate, unameza tena. Hukutapika.

Na mimi ni ule mwenye alitapika juu ya harufu ya gundi.

Leo ku biro sikuandika hata mustari moja. Mate inajaa mu kinywa. Mama ya batoto alipika samaki ya Mado, nikaomba aiondoe ku meza. Ule muchezo yangu juu ya mukono muzima, naomba uusahau. Ulikuwa muchezo ya mutu mwenye anakaa mbali.

Lakini maji si kitu yenye inanichukiza kupita yote. Mado anasema Henri alikuwa amekaa ku kiti pembeni ya beseni, mukono inatona. Uniambie kitu kimoja tu. Alisimama?

Akordeo imekwisha. Kisimba ameipaka vernis ya rangi nyekundu, ni kitu ya kupendeza, na natamani kwenda kuitupa mu shimo ya mugodi. Lakini ni yako. Sema.

Tshilombo


Tenke, tarehe 19 mwezi wa nane 1973

Yaya Tshilombo,

Salamu kwako na kwa mama ya batoto. Kikohozi ya batoto imekwisha. Nimelima matuta ya viazi nyuma ya nyumba. Mutoto wa mwisho anatembea sasa, akishika ukuta.

Ile neno uliuliza, nimeisoma.

Utume akordeo na Mado.

Bilonda


Likasi, tarehe 14 mwezi wa kumi 1973

Yaya yangu,

Usishangae kuona Likasi. Niko kwa shangazi yetu Ntumba na batoto batatu. Anakusalimia, anasema hujamutembelea tangu ulipata tumbo. Miguu yake inamuuma lakini ulimi iko muzima.

Akordeo ilifika muzuri. Henri alifungua sanduku, akakaa anaiangalia, akaingiza mukono ya kuume mu mukanda. Bidole bya kushoto bilienda bienyewe ku bifungo. Umuambie Kisimba alipima muzuri. Vile bibili bya kuume binavuta mufuko bila taabu. Mwanzo ilikuwa sauti ya mutoto anajifunza, akakosa, akarudia. Yenyewe inasema sauti moja ukivuta na ingine ukisukuma, na mukono yake ya kushoto haikuwa inajua bado. Nyuma ya juma mbili alikuwa anapiga nyimbo ya ndoa yetu.

Akaanza kusema. Yaya, alisema kila siku, sawa mutu mwenye alikuwa ameweka maneno akiba. Aliweka mukono juu ya meza. Mama mukwe alicheza mu kiwanja, pale pale penye beseni ilikuwa. Mbayo alileta pombe, akaniita mwanamuke muzuri mbele ya batu, akasema bibi ya namna hii hata Ulaya haiko.

Mi nilikuwa jikoni. Wakati mufuko inafunguka, mbele ya sauti kutoka, inavuta pumzi kidogo. Nikisikia ile pumzi, kinywa yangu inajaa maji. Nilifikiri nina mimba. Sina. Siku moja Henri alinimegea bukari ya mahindi na ule mukono ya kidonda, kwa mapendo, akaninyooshea. Nilikimbia nje. Nilitapika, yaya, nilitapika kila kitu, mbele ya mama mukwe mwenye anachunga nyanya. Aliniangalia na akasimama. Nilijua yenye anafikiri. Sikungoja Mbayo aitwe. Nilifunga bitu ya batoto.

Nilitaka bwana yangu arudi. Amerudi, ni yeye, na siwezi kumuangalia akikula.

Usimuambie mutu niko wapi.

Bilonda


Dilala, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1973

Mudogo yangu Bilonda,

Salamu nyingi kwako na kwa shangazi Ntumba. Umuambie nitakuya kabla ya Noeli, na tumbo yote, ajiandae na kiti ya nguvu. Hapa tuko wazima.

Henri alikuya. Alifikiri uko kwangu. Nilirudi ku kazi nikamukuta amesimama inje ya mulango ya lupango, ameweka akordeo ku mugongo mu mufuko ya kitambaa, sawa mama na mutoto. Jirani zangu bote bakakuwa na kazi ya kufagia mbele ya milango yao.

Nilimukaribisha. Ungenicheka: nilikuwa nimetayarisha maneno tangu mwezi wa saba, maneno makali, ingine nilifanyia mazoezi mu biro mpaka karani yangu aliuliza kama namuita. Nikamutolea kiti. Mama ya batoto alileta bukari na mboga. Nilinawisha mikono yake mwenyewe, yote mbili, juu ni shemeki yangu na nilitaka kujua kama nitaweza. Niliweza, lakini sikula.

Akasema, "Shemeki, mi sikusema anywe."

Nikasema, "Hukusema asinywe."

Mama ya batoto alitoka na sahani. Njo Henri akasema, polepole, bila kuniangalia: "Nilitaka kuona."

Bilonda, nilifikiria kutokuandikia ile neno. Lakini uliniacha na swali tangu mwezi wa saba, na sasa nimepata jibu yenye ni yako, siwezi kukaa nayo peke yangu. Hakusimama. Na haikuwa juu ya woga ya mukubwa yake. Alikuwa pale pembeni ya beseni anangoja kama utatapika. Wakati hukutapika alikusadiki, njo maana akarudi kuwa bwana yako muzuri, mwenye maneno na nyimbo. Kwa yeye mambo ilikwisha muzuri kabisa. Haelewi kwa nini ulikimbia. Aliniuliza mimi kama uko mugonjwa.

Sikupiga kelele. Unanijua, mi si mutu wa kelele, kelele inaomba pumzi. Nilisimama tu nikavaa kofia, nikamusindikiza mpaka ku gare ya treni. Njiani alianza kunieleza habari ya akordeo, kama kifungo ya mwisho inakwama wakati ya baridi, kama nimuambie Kisimba. Nilisema nitamuambia. Nilisikia kinyaa ya yeye, na kinyaa ya mimi mwenyewe juu nilikuwa najibu sawa mutu wa biro.

Nilirudi, nikakuta aliacha akordeo ku baraza. Mama ya batoto anasema Henri alimuambia ni ya Bilonda, aichunge mpaka Bilonda atakapotoka mahali aliko. Sikumuambia ni wapi. Iko hapa ku kiti, mu kitambaa yake. Batoto nimebakataza kuigusa. Kisimba anaweza kuichukua tena, anasema atafungua ndani na kuigeuza ku mukono ya kuume, iuzwe kwa mutu mwingine. Ao tuichome. Ao niikalie. Utume neno.

Yaya yako,
Tshilombo


Likasi, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1973

Yaya Tshilombo,

Nakusalimia, na mama ya batoto, na batoto bote. Shangazi amekwisha kutayarisha kiti, ya chuma. Mutoto yangu mukubwa ameanza masomo hapa, walimu banamupenda. Mi nashona nguo za batu, kazi inaanza kupatikana. Sasa nakula muzuri, hata samaki.

Asante juu hukunificha ile neno ya Henri. Nilikuwa najua, lakini nilikuwa najua peke yangu.

Kisimba asiifungue. Tena usiichome. Ilipimwa ku mukono ya Henri, kidole na kidole, haiwezi kufaa mutu mwingine hata bakiigeuza. Uifunge muzuri mu sanduku na misumari, uandike jina yake yote juu, ile ya ubatizo pia hata kama serikali inakataza majina ya namna ile, na uende mwenyewe ku gare. Umupe mutu wa reli mu mikono, ulete batu babili baone ukimupa. Itoke kwako na ifike Tenke.

Sitaki siku moja baseme kitu ya mwili yake ilibakia kwetu.

Bilonda